Kiwiko cha Minyaa

Hyasinta ndiye aliyemwita bwana ardhi, tena kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine yote. Mumewe, Leodgar, alimkataza mara mbili, jioni akishona nyavu na asubuhi wakinywa uji, naye mara zote mbili akamjibu kwamba mwanamume anayeogopa kamba ya vipimo ana lake jambo. Akauza majogoo wawili, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akaenda mjini Musoma kuomba mpaka wake upimwe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wao walikuwa wakimsema mwenye roho mbaya. Hyasinta hakuwa na roho mbaya. Alitaka ua wake uachwe, basi.

Ua wenyewe ulikuwa wa minyaa, ile mimea ya kijani isiyo na majani, yenye utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu. Ulitoka barabarani umenyooka vizuri, ukitenganisha kiwanja chao na cha jirani, halafu karibu na mwisho ukajikunja ghafla kuingia upande wa jirani, ukazunguka kipande cha hatua nne kwa nne, ndipo ukarudi kwenye mstari wake. Watu wa pale Bweri walipaita kwenye kiwiko. Ndani ya kiwiko Hyasinta hakupanda mchicha wala hakuanika dagaa. Alipafagia kila Jumamosi, akivua viatu kwanza, kisha akaondoka.

Chini ya pale alikuwa amelala Felisian, mtoto wake wa kwanza, aliyeondoka na surua mwaka themanini na nne akiwa na miezi minane. Hapakuwa na msalaba wala saruji. Walioshuhudia akizikwa walikuwa wanne tu: yeye, Leodgar, na majirani zao wa siku zile, mzee Keraryo na mkewe Marieta. Walimzika alfajiri, kimya kimya, kwa sababu ambayo mume na mke walikubaliana isitamkwe tena, hata kwa Pelagia, binti yao aliyezaliwa baadaye na ambaye sasa alikuwa darasa la tatu. Mtaa mzima ulimwita Hyasinta Mama Pelagia. Marieta peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Mama Felisian, mpaka siku alipokufa.

Kiwanja cha Leodgar kilikuwa mwamba tangu barazani hadi uani. Siku ile ya msiba alipiga sururu mpaka mpini ukakatika, na shimo halikufika hata gotini. Keraryo akaja, akamshika mkono, akamwambia mleteni huku kwangu kwenye udongo, mtoto ni wetu sote. Walipokwisha kufukia, mzee yule akang'oa minyaa yake mwenyewe, akaipanda upya kwa mkono wake kulizunguka kaburi, akasema, "Haya, sasa yuko kwenu." Kwao Kiriba, walikotoka Keraryo na Leodgar wote wawili, jambo kama hilo likishafanyika limekwisha. Mpaka uliopandwa na mkono wa anayetoa hausogezwi, si na mwanawe, si na mjukuu wake. Hyasinta alilijua hilo kama alivyoijua Baba Yetu, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna ofisi duniani isiyolijua.

*

Keraryo alikufa, Marieta akamfuata mwaka uliofuata, na mtoto wao Werema, aliyekuwa akifanya kazi Bunda, akakiuza kiwanja bila hata kuja kulala pale usiku mmoja. Aliyenunua aliitwa Boniphace, mwenye duka sokoni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sangara wanasafirishwa Ulaya, na kila mwenye akili ya biashara alikuwa akiinuka. Boniphace akajenga vyumba kumi kwa mstari mmoja, akavijaza watu kabla rangi haijakauka. Walikuwamo wakata minofu wa kiwanda cha samaki, vijana waliokwenda Buhemba kutafuta dhahabu wakarudi na kikohozi, na mama mmoja kijana, Jeska, aliyekaanga vichwa vya sangara mbele ya mlango wake.

Vyumba kumi, choo kimoja. Nacho kilikuwa kifupi, maana hata upande ule mwamba haukuwa mbali, na masika ilipoingia kikajaa mpaka juu. Wapangaji wakaanza kupenya kwenye ua. Kwanza nguo zao zilianikwa juu ya minyaa. Kisha maji ya kuoshea samaki yakamwagwa mle mle kwenye kiwiko. Kisha, Jumamosi moja, Hyasinta akaenda na ufagio wake akakuta kinyesi cha mtoto katikati kabisa. Alikichota kwa kipande cha boksi, akakitupa, akarudi, akakaa chini na kulia mpaka ncha ya kitenge ikalowa. Halafu akanyanyuka, akawaendea.

"Pale si jalala," alimwambia Jeska. "Nimewaambia mara ngapi?"

"Sasa pale umepandaga nini, Mama Pelagia?" Jeska alikuwa na mwiko mkononi, mafuta yanachemka. "Hakuna mchicha, hakuna kitunguu. Unatutukanaga kila siku kwa ajili ya vumbi."

Waliokuwa vibarazani wakacheka. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Hyasinta, neno moja tu, lakini alikuwa ameapa. Akafunga mdomo, akageuka, na nyuma yake akasikia mwanamume mmoja akisema kwamba yule mama ana walakini kichwani.

Wiki ile ile wakakata mashina manne ya minyaa wapate njia ya kwenda vichakani. Katoto ka Jeska, kasichana ka miaka miwili, kakaviokota vile vipande kakavichezea, na utomvu ukakaingia jichoni. Kilio chake kilisikika mpaka barabarani. Hyasinta alifika kabla ya wote. Alimkuta Jeska anahangaika na ndoo ya maji, kichanga chake kingine kinalia mgongoni, akamwambia aache maji, amkamulie mtoto maziwa yake mwenyewe humo jichoni, ndiyo dawa. Jeska akakamua huku akilia, na Hyasinta akakishika kichwa cha mtoto kisitikisike. Siku ya tatu jicho lilipona. Siku ya nne Jeska akasema mbele za watu kwamba minyaa ya yule mama ni sumu, ing'olewe yote. Tenda wema nenda zako, wanasema, lakini Hyasinta angekwenda wapi, na nyumba yake iko palepale?

Ndipo alipokwenda dukani kwa Boniphace. Alisimama mbele ya kaunta, na waliokuja nyuma yake wakahudumiwa mbele yake: wa sukari, wa betri, wa mafuta ya taa. Rafu zilijaa mpaka darini. Palikuwa na sabuni za rangi tatu. Hyasinta, aliyewahi kupanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni akarudi bila kitu, hakujua atazame wapi. Boniphace alipomgeukia alimwita mama, kwa heshima zote, ila hakuacha kupanga maboksi yake. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwamba wapangaji ni watu wazima, yeye hawezi kuwafunga kamba, kisha akaongeza jambo.

"Na huo ua wako, mama, mbona una tumbo? Siku moja tulete vipimo, tujue nani yuko kwa nani."

"Vilete," alisema Hyasinta. "Au nitavileta mimi."

Jioni Leodgar alipoambiwa, alikuwa kwenye kigoda anashona nyavu za watu wa Makoko, kazi aliyoiokota tangu apunguzwe kiwanda cha nguo miaka miwili nyuma. Alimwomba asimwite mpimaji. Hyasinta akamuuliza, Keraryo alitoa au hakutoa? Leodgar akasema alitoa. Basi kuna shida gani? Leodgar alipitisha sindano yake kwenye tundu la wavu, akakaza fundo, akapitisha tena.

*

Bwana ardhi alikuja Alhamisi, ramani kwapani. Akatafuta bikoni ya barabarani, lile jiwe la mpaka, akaipata chini ya majivu ya wapangaji, akatafuta ya nyuma, akaipata pia. Akampa Leodgar ashike ncha ya kamba. Kamba ikavutwa, ikanyooka toka bikoni hadi bikoni, ikapita mbele ya kiwiko na kukiacha chote upande wa pili. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeona.

Bwana ardhi alikohoa, akasema kwamba mama ndiye aliyeingia kwa jirani, hatua nne kamili, na kama ni kulalamika basi aliyestahili kulalamika ni Bwana Boniphace. Wapangaji walikuwa wametoka wote kutazama, na mmoja akapiga mluzi. Hyasinta akaeleza habari za Keraryo, jinsi alivyotoa, jinsi alivyopanda minyaa kwa mkono wake mwenyewe. Yule bwana alimsikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesimuliwa mambo hayo kila wiki. Akauliza karatasi. Hapana karatasi. Akauliza shahidi. Hyasinta akamgeukia mumewe, na mumewe alikuwa ameinama, ncha ya kamba bado imo mkononi.

Boniphace hakushangilia, ni lazima lisemwe. Alisogea karibu na Hyasinta, akazungumza polepole. Bwana afya alikuwa amempa siku kumi na nne: choo kipya, la sivyo vyumba vinafungwa na watu wanatoka. "Tumejaribu sehemu tatu, mama. Zote mwamba. Mafundi wamepima na nondo, udongo uko hapa tu." Akaonyesha kiwiko.

Hyasinta alivua viatu. Akaingia ndani ya kiwiko, akasimama katikati, nyayo zake kwenye udongo aliokuwa ameufagia miaka kumi na moja.

"Hapa hapachimbwi choo," alisema. "Hapa yupo mtoto wangu."

Leodgar aliiachia kamba, ikajikunja ikarudi kwa mwenyewe. Jeska ndiye aliyesogea, kichanga mgongoni, na sauti yake haikuwa tena ile ya ugomvi. Akauliza tangu lini. Hyasinta akamwambia tangu wewe hujaolewa.

"Ungesema, mama," alisema Jeska. "Ungesema tu. Nani angemwaga maji hapo?"

Hyasinta alimtazama yule mwanamke kijana, akaona kwamba amesema kweli, kwamba hata hawa wa kelele na matusi wana makaburi yao huko walikotoka na wanajua kuyapita kwa heshima. Ulinzi wote ule wa ufagio na makelele, na neno moja tu lingetosha.

*

Jumapili baada ya ibada walikaa kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Mniko, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Werema aliitwa kutoka Bunda. Alikuja na viatu vya kung'aa, akasema hajui kaburi lolote. Mwaka ule hakuwepo nyumbani, na baba yake hakumwambia kitu. "Sikatai kwamba mzee alikuwaga na roho ya namna hiyo," alisema, "lakini mimi niliuza kilichoandikwa kwenye ofa, ile barua ya kiwanja." Hakuwa anasema uongo, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia, hata kidogo tu ili upumue.

Wakauliza kama mtoto ameandikwa popote. Hakuandikwa. Wakauliza nani alisali. Walisali wenyewe. Wakauliza kwa nini jirani wengine hawakuambiwa, kwani huku Mara mtoto anafia wapi watu wasijae? Mjumbe mmoja mwenye kofia ya pama akasema, bila kumtazama mtu, kwamba siku hizi viwanja vimepanda bei na wako watu wanatunga makaburi. Hyasinta alikuwa amemzaa Felisian, amemnyonyesha, amemfumba macho kwa kidole chake, na sasa anaambiwa amemtunga.

Leodgar akasimama. Alikuwa na kofia mikononi, anaizungusha.

"Mwaka ule nguo zilikuwa hazipatikani," alisema. "Wakubwa mnakumbuka. Hata sanda ilikuwa ya kibali. Nilifuatilia kibali siku mbili, mwenye muhuri alikuwa amesafiri. Mtoto yuko ndani, na joto la hapa mnalijua. Na mimi nilikuwaga fundi wa mashine kiwandani. Nguo zinapita mbele yangu kutwa, marobota na marobota, zinapakiwa kwenye lori, zinaondoka." Akaigeuza kofia yake. "Nikakata mita mbili. Nikajizungushia tumboni, nikavaa shati juu yake, nikapita getini. Tulikuwa tunakaguliwa. Siku ile mlinzi hakunikagua. Alikuwa amesikia nimefiwa. Alinipa pole."

"Kwa hiyo uliiba," alisema yule wa kofia ya pama.

"Niliiba. Ningekamatwa ni jela, na kila mtu angeona kitambaa kipya na kuuliza kimetoka wapi. Ndiyo maana tulizika sisi na Keraryo tu."

Kuna mtu nyuma alicheka, kicheko kifupi cha puani, halafu akajifanya anakohoa. Leodgar alikisikia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyekusanya sadaka kwa mikono yake kila Jumapili, na aliendelea kusimama tu pale na kofia yake inazunguka. Hyasinta alitaka kumvuta shati akae. Kile kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliopita, nyasi zimeota mpaka getini, na mlinzi yule yule sasa aliuza karanga stendi. Miaka kumi na moja walikuwa wamemficha mtoto wao, asionwe na watu ambao walikwisha kuondoka. Aliligundua hilo akiwa amekaa pale kwenye benchi, na lilimuuma kuliko kicheko cha yule mtu.

Mzee Mniko akauliza, kwa upole, yeye kama mwenyekiti atajuaje kwamba maneno haya ni ya kweli.

"Chimbeni," alisema Leodgar. "Ilikuwa tetroni ya bluu, ile ya sare za shule. Nusu yake si pamba, ile haiozi. Mtaikuta."

Hyasinta akageuka kumtazama. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mumewe amekwisha kubali. Ili waamini kwamba mtoto yumo, ilibidi atolewe.

Uamuzi haukuchukua muda. Ardhi ni ya Boniphace. Wazazi wapewe wiki moja na kibali cha bwana afya, wamhamishe mtoto wao kwa heshima. Boniphace akajitolea kununua jeneza dogo na kulipia gari. Hyasinta akauliza swali moja tu, kama choo hakiwezi kusogea hata kidogo, hata hatua mbili. Mzee Mniko akapangusa uso. "Ni watu arobaini wale, Mama Pelagia. Na kipindupindu hakikosi mwaka." Hyasinta mwenyewe alikuwa amemshika mmoja wa watoto wao kichwa. Alijua majina yao. Alisema tu kwamba jeneza la Boniphace hataki.

*

Siku ya kufukua ilikuwa Jumatano. Leodgar alikuwa ametengeneza sanduku kwa mbao za kitanda cha zamani, akalipiga msasa mpaka likawa laini. Asubuhi alitoka bila kuaga, akarudi na kifurushi cha gazeti kwapani. Alichimba mwenyewe. Ndugu yake mmoja wa Kiriba alikuja na jembe, akamkatalia. Katekista alisimama upande wa kichwani na kitabu chake, na Pelagia alipelekwa kwa rafiki yake, ingawa alikwisha kusikia yote na alikuwa ameacha kula tangu Jumapili.

Barabarani watu walianza kusimama. Hapo ndipo mlango wa Jeska ulipofunguka. Akatoka na kitenge, nyuma yake wanawake wa vyumba vile wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja na kitenge chake au shuka lake, hata wale wa zamu ya usiku ambao walistahili kuwa wamelala. Hakuna aliyewaita. Wakasimama kukizunguka kiwiko, wakainua nguo zao zikashikana ncha kwa ncha, na barabara ikakoma kuona. Kwa miezi mingi Hyasinta alikuwa amewatukana watu hawa kwa sababu ya kuanika nguo pale pale. Alisimama ndani ya duara lile, akalia kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Udongo ulikuwa laini. Haukupigana hata kidogo. Leodgar alipofika kiunoni aliacha jembe, akapiga magoti, akaendelea kwa mikono. Kisha akatulia.

Rangi ya bluu ilikuwa ile ile. Ilikuwa na vumbi, imekunjamana, lakini nzima, hata pindo alilolikata kwa wembe mbele ya mashine lilionekana. Alifunua kona moja, akaangalia, akaifunika. Hyasinta akamwambia afunue. Leodgar akatikisa kichwa. Akamwambia tena, funua, nimemzaa mimi. Akafunua.

Kilichokuwamo kilikuwa kidogo, kingetosha kwenye bakuli. Udongo mweusi kuliko ule mwingine, vitu vichache vyeupe vyepesi kama vijiti, na uzi wa shanga alizofungwa kiunoni na Marieta alipotimiza siku arobaini. Mtoto alikuwa amekwenda. Iliyobaki nzima ni ile nguo.

Leodgar akapanda juu, akafungua kifurushi chake. Ilikuwa bafta nyeupe, mpya, mita mbili, yenye harufu ya duka. Akaikunjua kwa mikono yenye udongo, akatoa na karatasi mfukoni, akamwonyesha mkewe, kisha akamwonyesha katekista, kisha akabaki ameishika tu maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

"Nimenunua," alisema. "Risiti hii hapa. Hiyo nyingine tuitupe, Mama. Tumfunge hii."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, na alisema hivyo kama mtoto aliyesahihisha hesabu zake. Hyasinta aliichukua bafta. Akaitandika ndani ya sanduku, akamwambia amlete mtoto jinsi alivyo. Leodgar akasita. Hyasinta akamwambia, "Usimvue. Ulimtafutia ulipokuwa huna. Mfunike hii juu." Basi wakamlaza na bluu yake, wakaikunja nyeupe juu yake, na Leodgar akaweka risiti humo humo kabla ya kufunga kifuniko.

Wanawake walipoanza kushusha vitenge, Jeska alimsogelea Hyasinta na kumuuliza kwa sauti ya chini mtoto alikuwa anaitwa nani. Akamwambia. Jeska akalirudia jina mara moja, taratibu, asije akalikosea.

*

Walimzika Kiriba, kando ya mama yake Leodgar, mahali penye udongo mzuri, panapotazama ziwa. Watu walijaa safari hii. Katekista alisoma jina lake kwa sauti, likaandikwa kwenye msalaba wa mti. Kila mtu alisema imekwenda vizuri, na Hyasinta aliitikia kwamba ndiyo, imekwenda vizuri. Kutoka Bweri mpaka pale ni nusu siku. Huwezi kwenda kupafagia kila Jumamosi.

Waliporudi mjini walikuta kiwiko hakipo. Minyaa ilikuwa imelala barabarani kwenye fungu, inavuja maziwa yake, na kutoka bikoni hadi bikoni palikuwa na nguzo mpya na seng'enge iliyonyooka. Upande wa pili mafundi walikuwa wamezama mpaka mabegani. Walikuwa wanasifiana jinsi kazi inavyokwenda, wanasema ardhi hii kama siagi. Hyasinta alipita akaingia ndani. Leodgar alichukua wavu wake akakaa nao nyuma ya nyumba, ambako huwezi kuwasikia.

Jumamosi iliyofuata aliamka kama kawaida, akachukua ufagio, akatoka. Alikuwa amekwisha kuvua viatu alipokumbuka. Mbele yake palikuwa na seng'enge, na ng'ambo ya seng'enge palikuwa na zege bichi lenye tundu katikati, na kuta zimeanza kupanda. Alisimama peku kwenye mwamba wake wa upande huu. Hakujua arudi ndani au afagie nini.

Jeska alikuwa anawasha jiko. Alimwona. Akaacha jiko, akafunga kanga yake vizuri, akaja mpaka kwenye waya, akakunja goti kidogo jinsi mtu anavyomsalimia mkubwa wake.

"Shikamoo, Mama Felisian."

Tangu Marieta afe hakuna aliyemwita hivyo. Hyasinta aliegemea ufagio. Alitaka kuitikia marahaba, ikakataa kutoka, na Jeska akangoja pale upande wake wa seng'enge, hakuirudia na hakuondoka.